Karatasi ya Mizani Haifungui Kila Njia



Asubuhi moja ya masika yaliyopita niliitwa, pamoja na askari wawili wa usalama barabarani, kwenda Mushasha. Jina hilo tunalo Gitega na tunalo Muyinga. Kwa kuwa waliohusika wamekwisha kupatana, sitataja ni Mushasha ipi. Tulikuta lori lenye semitela limekwama katikati ya njia ya mtaa, magurudumu yake ya nyuma yamezama hadi kwenye ekseli. Chini yake kalavati lilikuwa limevunjika, na bomba la maji lililopita pembeni lilikuwa likirusha maji kama chemchemi. Vijana walikuwa wamekwisha kumnyang'anya dereva ufunguo. Dereva mwenyewe, mtu mzima mwenye adabu, alinijia ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Afande, mimi nimepimwa," akasema. "Nimepimwa Vigwaza, nimepimwa Njuki, nimepimwa Nyakahura. Sikuzidi."

Niliisoma ile karatasi kutoka juu hadi chini. Alisema kweli. Mzee mmoja wa mtaa, aliyekuwa akitutazama huku amejifunika mwavuli, akaniuliza: "Mwanangu, ikiwa gari hili halikuzidi, basi kilichozidi ni nini? Kalavati letu?"

Sikuwa na jibu la haraka linalomstahili mzee yule. Somo la toleo hili ndilo jibu langu kwake, na kwenu nyote mnaoishi kandokando ya njia zitokazo mpakani.

Tuanze na mizani, kwa sababu wengi huiona kwa mbali na hawajui inapima nini. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2013 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, ambayo lengo lake ni kuweka ukomo mmoja kwa nchi wanachama, ili lori linaloruhusiwa katika nchi moja lisikataliwe katika nchi ya jirani kwa hesabu tofauti. Jirani zetu wa Tanzania walianza kuitekeleza sheria hiyo mwaka 2019. Ukomo wa juu kabisa wa uzito wa gari pamoja na mzigo wake ni tani 56, na uzito huo ni wa lori refu lenye ekseli saba. Ekseli, kwa asiyeifahamu, ni ule mhimili mnene wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia.

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapokosea. Husikia "tani 56" wakadhani kila lori kubwa lina ruhusa ya kufikia uzito huo. Sivyo. Sheria huhesabu ekseli kwa ekseli. Ekseli ya mbele inayoongoza gari hairuhusiwi kuzidi tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne ina ukomo wa tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana, zenye matairi manane, ukomo wake ni tani 18. Na ekseli tatu zilizofuatana chini ya tela, zenye matairi 12, ukomo wake ni tani 24. Jumlisha mwenyewe: lori la semitela tunaloliona kila siku Kobero, lenye ekseli sita, lina tani 8, na 18, na 24. Jumla ni tani 50, na humo yamo magurudumu, injini, tela, dereva, utingo na sufuria yao ya ugali. Lori dogo lenye ekseli tatu tu ukomo wake ni tani 26.

Kwa hiyo lori laweza kuwa na jumla iliyo halali na bado likawa na kosa, iwapo mzigo umerundikwa nyuma ukailemea ekseli moja huku ya mbele ikielea. Kosa la namna hiyo aghalabu hurekebishwa hapohapo kwenye mizani kwa kuupanga mzigo upya. Lakini jumla ikizidi, hakuna mpango utakaosaidia: mzigo uliozidi hushushwa, na msafirishaji hulipa tozo inayokadiriwa kwa kuzingatia madhara ambayo uzito ule umeiletea barabara. Kuikwepa mizani kwa kupita njia ya pembeni ni kosa jingine linalojitegemea, hata kama gari lilikuwa tupu.

Kwa nini ekseli, wala si gari zima? Jibu lilipatikana kwa jasho jingi huko Marekani. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walijenga barabara za majaribio za lami na za zege, wakayaendesha malori juu yake usiku na mchana yakiwa na uzito tofauti, kisha wakapima jinsi kila kipande kilivyochakaa. Waligundua kwamba madhara hayaongezeki sambamba na uzito. Yanaongezeka kwa kasi ya kutisha: chukua uwiano wa uzito, uuzidishe kwa wenyewe mara nne, ndipo utakapopata makadirio ya madhara. Ekseli inayotakiwa kubeba tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umeongezeka kwa sehemu moja ya tano tu, lakini madhara kwa barabara ni maradufu. Ikibebeshwa tani 15, madhara ni mara tano.

Wahandisi wataniambia kwamba kanuni hiyo ni ya makadirio, nami nakubali. Hata hivyo inatosha kutufumbua macho. Gari dogo la abiria lenye tani moja na nusu huweka takriban kilo 750 juu ya kila ekseli. Lori la semitela lililopakiwa kihalali huweka tani 8 juu ya kila ekseli ya tela. Kwa hesabu ya Illinois, ekseli moja ya tela hiyo ikipita mara moja, huichakaza barabara kama ekseli ya gari dogo iliyopita karibu mara 13,000. Tela ina ekseli tatu. Hapo bado sijasema neno lolote juu ya lori lililozidisha.

Itafaa nikumbushe kisa cha asilimia tano, kwa maana bado nakisikia kikitajwa vibaya kwenye vijiwe vya madereva. Mizani hupima magari katika mazingira magumu: barabara ina mteremko, mafuta yanacheza ndani ya tangi, mzigo umesogea safarini. Kwa sababu hiyo ulikuwepo msamaha wa asilimia tano juu ya ukomo. Oktoba 2013 Waziri wa Ujenzi wa Tanzania wakati huo, John Magufuli, aliamuru msamaha huo usitumike tena kama ulivyozoeleka, kwa kuwa wasafirishaji walikuwa wakiufanya sehemu ya mzigo wao: mtu anapakia hadi ukomo, kisha anajaza na ile asilimia tano kama haki yake. Wamiliki wa malori waligoma, magari yakasimama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaingilia kati na kuusimamisha uamuzi ule. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Kwa maoni yangu, aliyeamuru alikuwa ameuona ugonjwa wenyewe: msamaha uliowekwa kwa ajili ya kosa la kipimo ulikuwa umegeuka nafasi ya kubebea magunia.

Sasa turudi Mushasha, kwenye swali la mzee.

Karatasi aliyonionyesha dereva ilieleza kwamba gari lake, katika tarehe ile, halikuzidi ukomo uliowekwa kwa barabara kuu. Barabara kuu hujengwa kwa tabaka: udongo ulioshindiliwa, juu yake changarawe teule, juu yake kokoto, kisha lami. Madaraja yake yamekokotolewa ili yabebe malori. Ndivyo zilivyo njia ambazo shehena ya Dar es Salaam huzipita ikiisha kuvuka Kabanga na kuingia Kobero: Barabara ya Taifa namba 6 kuelekea mjini Muyinga, na namba 12 inayopita Karusi hadi Gitega. Mgeni akivuka mpaka hapo hulazimika kuhamia upande wa kulia wa barabara, na kila dereva hulikumbuka hilo kwa sababu asipolikumbuka atagongana uso kwa uso na mwenzake. Lakini akiiacha barabara kuu na kuingia mtaani, hakuna kinachomshtua. Njia inaonekana pana, ardhi ni kavu, watoto wanampungia mkono. Yeye huendelea tu.

Chini ya njia ile kuna nini? Mara nyingi ni udongo wetu mwekundu na changarawe kidogo juu yake. Mahali pengine yametandikwa mawe, nayo ni mazuri kwa baiskeli na magari madogo, ila jiwe moja likididimia mengine hulifuata. Mabomba ya maji yamefukiwa si mbali na uso wa ardhi. Kalavati lililovunjika siku ile lilikuwa la mabomba ya saruji, limefunikwa kwa udongo usiozidi kina cha kiganja. Liliwekwa ili maji ya mvua yavuke njia na ili mtu avuke na mzigo wa ndizi. Kalavati la namna hiyo halifuati hesabu ya Illinois, ya kuchakaa kidogo kidogo. Lenyewe hustahimili, hustahimili, kisha siku moja likavunjika. Na kama udongo umelowa kwa mvua ya siku tatu, kama ilivyokuwa wiki ile, nguvu ya ardhi hupungua sana. Njia iliyolivumilia lori mwezi Julai haitalivumilia mwezi Aprili.

Kwa hiyo, mzee wangu, kalavati lenu halikuzidi. Lori halikuzidi mahali lilipopimwa, na lilizidi mahali lilipoingia. Uzito uliozidi ni neno la uhusiano: ni lazima tuulize, umezidi juu ya njia ipi?

Sheria inalitambua jambo hili. Burundi ina sheria yake ya usalama barabarani ya mwaka 2012, na dereva anapaswa kuitii alama ya barabarani hata kama karatasi zake zote ni safi. Alama ya uzito ni duara lenye ukingo mwekundu na namba ndani yake pamoja na herufi ya tani. Namba hiyo ikiwa imeandikwa peke yake, ni ukomo wa gari zima. Ikiwa imechorwa juu ya mstari mfupi wenye gurudumu kila upande, ni ukomo wa ekseli moja. Naomba walimu wa shule zetu wawachoree wanafunzi alama hizo mbili ubaoni. Nimewaona watu wazima, hata wenye leseni, wakizichanganya. Upande wa pili wa mpaka, katika barabara za wilaya kama zile za Ngara, msimamizi ni Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, na huko mtu hukuta vibao vya tani 10 kwenye maingilio ya barabara. Lori la tani 50 lililopita Nyakahura kihalali haliruhusiwi kuingia barabara yenye kibao hicho, na mwenye mzigo hulazimika kuuhamishia kwenye magari madogo. Wafanyabiashara wa Ngara hawafurahii gharama hiyo. Wanaijua tu, nao huihesabu kabla ya kununua.

Na kibali je? Watu wengi hudhani kibali ni namna ya kununua ruhusa ya kuzidisha. Dhana hiyo ndiyo mzazi wa nusu ya migogoro tunayoitwa kuiamua. Kibali maalumu kimekusudiwa mzigo usiogawanyika. Transfoma ya umeme ni mfano mzuri, nasi tumeziona zikija, maana umeme wa maporomoko ya Rusumo huletwa hadi Gitega, na kituo cha umeme hakiwezi kufanya kazi bila mtambo huo mzito. Transfoma haikatwi vipande viwili ikasafirishwa kwa magari mawili. Vivyo hivyo tingatinga, au kipande kirefu cha chuma cha daraja. Kwa mzigo wa namna hiyo mamlaka ya barabara hutazama gari litakalotumika, idadi ya ekseli zake na uzito utakaoangukia kila mojawapo, upana na urefu wa mzigo. Huitazama njia nzima, daraja kwa daraja. Kisha huandika kibali chenye tarehe, chenye njia iliyotajwa kwa jina kutoka mwanzo hadi mwisho, chenye saa za kutembea, na chenye masharti: mwendo usiozidi kiasi fulani, gari la kusindikiza mbele na nyuma, daraja fulani livukwe gari likiwa peke yake tena polepole katikati. Akitoka nje ya njia iliyoandikwa, hata kwa mita 100, mwenye kibali amekuwa sawa na asiyekuwa nacho.

Saruji hugawanyika. Mchanga hugawanyika, mahindi hugawanyika, na mbolea pia. Mfuko wa saruji una kilo 50, na watu wawili hubeba mifuko miwili bila kumwomba mtu yeyote kibali. Mwenye saruji iliyokwama Mushasha alikuwa na chaguo: ashushie mzigo kando ya barabara kuu na kuupeleka ghalani kwa magari madogo, au alipeleke lori lote hadi mlangoni pa ghala. Alichagua la pili ili aokoe nauli ya magari madogo na ujira wa wapagazi. Simlaumu kwa kutafuta nafuu, kwani biashara ni hesabu. Hesabu yake ilikosa tu kuingiza kalavati, bomba la maji, na siku ambazo kina mama wa mtaa ule walichota maji mbali.

Basi afanye nini mtu ambaye kweli analazimika kuingiza gari zito mtaani, tuseme anachimba kisima au anajenga shule? Kwa barabara ya komini, apige hodi kwanza ofisi ya komini. Kwa barabara ya taifa, mlango ni wa Wakala wa Barabara wa Burundi. Aende kabla mzigo haujaondoka ulikotoka, kwa maana lori likiisha kufika, kila mtu huwa na haraka na haraka haipimi madaraja. Aeleze kwa maandishi ni gari gani, lina ekseli ngapi, lina uzito gani, litapita wapi na siku gani. Aombe fundi wa komini aitembee njia hiyo kwa miguu pamoja naye na mkuu wa mtaa. Wakazi wa zamani wanajua mabomba yalipofukiwa kuliko ramani yoyote. Akipewa jibu, alichukue kwa maandishi, na dereva awe na nakala yake garini. Ruhusa ya mdomo ya mtu aliyesimama njiani haina thamani siku ambayo kalavati limevunjika.

Nisije nikaonekana nawalaumu wageni peke yao. Lori la safari ndefu hupimwa mara tatu kabla ya kutufikia. Gari linaloziharibu njia zetu mwaka mzima, kwa uchunguzi wangu wa miaka mingi kazini, ni lile letu wenyewe: lori la mchanga, la mawe, la matofali, la magogo, ambalo hutoka kilimani hadi mjini bila kuonana na mizani hata siku moja. Mwenye lori hilo hupima kwa macho, akisema, "Halijajaa, bado kuna nafasi ya koleo kumi." Naomba ajifunze hesabu hii. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina takriban tani moja na nusu; mchanga huohuo ukiloa hukaribia tani mbili. Bodi lenye mita 10 za ujazo litabeba tani 15 wakati wa kiangazi, na likijazwa vilevile wakati wa mvua litakuwa na karibu tani 20. Macho yataona kimo kilekile. Tuseme ongezeko hilo la tani tano limeangukia lote kwenye ekseli mbili za nyuma zilizokuwa tayari na tani 18: sasa zina 23, na madhara kwa barabara yamezidi mara mbili na nusu, tena katika msimu ule ule ambao ardhi ni laini.

Lumbesa ni ndugu ya tatizo hilo. Gunia lililoshonewa kofia juu huandikwa kilo 100 kwenye daftari, na lina 120 au zaidi. Mwenye lori huhesabu magunia, hahesabu kilo. Mkulima amepunjwa, barabara imelemewa, na dereva anateremka mlima wa Muyinga na breki zilizotengenezwa kwa uzito mwingine. Nawasihi vijana wetu wa baiskeli, wenye tabia ya kujishikiza nyuma ya malori ili wavutwe mlimani, walifikirie hilo. Lori lililolemewa huweza kurudi nyuma bila onyo.

Zipo pia njia za panya. Mtu anayetaka kukwepa ukaguzi Kobero, au kukwepa mizani ya ng'ambo, huacha barabara na kupita mashambani usiku. Kwetu sisi polisi jambo hilo lina sura ya usalama wa mpaka, na kwa wakazi wa Butihinda na Giteranyi lina sura ya njia ya kwenda shamba iliyogeuzwa mashimo. Wapo wenyeji wanaolipwa kidogo ili waonyeshe njia. Nawaambia kwa upole: huo ni ushiriki katika kosa, na fedha mliyopewa haitanunua hata bomba moja la kalavati.

Sasa niseme nanyi juu ya wale vijana walionyang'anya ufunguo. Hasira yao niliielewa. Kitendo chao sikiwezi kukikubali. Ufunguo ukiondoka mikononi mwa dereva, hakuna awezaye kulisogeza gari hata likianza kuteleza; na dereva aliyetishwa huweza kutoroka, akabaki mwenye mzigo kusema hamjui. Kupanga mawe barabarani kumewahi kuua waendesha pikipiki wasiokuwa na habari. Kinachotusaidia sisi ni mambo madogo: namba za gari na za tela, kwa kuwa mara nyingi hutofautiana, saa na mahali, picha ya simu inayoonyesha magurudumu na uharibifu, na jina la aliyelipokea gari mtaani. Mpeni mkuu wa mtaa au mkuu wa kilima, naye alete kwetu au kwenye kamati ya pamoja ya usalama. Mwenye taarifa hizo mapema, kabla lori halijaingia, ametufaa zaidi.

Jambo jingine ni lori lililopinduka. Lisogeleeni kwa ajili ya kuokoa watu, basi. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 walifariki dunia. Barabara ile ya Morogoro ndiyo ileile inayoileta shehena yetu. Nimewahi kuwaona watoto wa hapa kwetu wakikimbilia lori lililolala wakiwa na vidumu mikononi, na tangu siku hiyo kila ninapokwenda shule huanza na habari ya Msamvu.

Na sisi polisi tusijisahau. Wananchi hunilalamikia kwamba lori hufika kwenye kizuizi, mkono hutoka dirishani, na lori likaendelea. Sitakana kwamba hayo hutokea, wala sitaomba mnyamaze. Adhabu ya serikali ina karatasi: ina jina la mkosaji, namba ya gari, kosa, kiasi, na risiti. Fedha isiyo na risiti si faini, awe ameidai askari, mtumishi wa komini au kijana aliyejifunga kitambaa mkononi na kusimama njiani. Dereva anayetoa fedha hiyo amenunua kimya cha mtu mmoja. Uzito wa gari lake haukupungua hata gramu. Mkiona hivyo, andikeni saa na mahali, mlete kwa mkuu wa kituo. Askari huvaa majina yao kifuani ili yasomwe.

Mtapenda kujua mwisho wa kisa cha Mushasha. Tulianza kwa kurudisha ufunguo. Saruji ilishushwa, mfuko baada ya mfuko, mbele ya mkuu wa mtaa aliyeihesabu, ili asije mtu akasema imeibiwa. Lori tupu lilivutwa jioni. Dereva hakuwa mwongo, na hilo nililisema hadharani mbele ya watu wote. Lakini alikuwa ameiacha barabara aliyopimiwa, kwa maelekezo ya mwenye mzigo, bila ruhusa ya yeyote. Mwenye mzigo alikiri mbele ya mtawala wa komini na kukubali kuleta mabomba mapya ya kalavati pamoja na saruji ya kuyajengea. Bomba la maji lilitengenezwa baada ya siku nne. Kazi ya kuchimba na kufukia ilifanywa Jumamosi mbili, katika kazi za pamoja, na wale vijana wa ufunguo ndio waliokuwa wa kwanza kufika wakiwa na majembe.

Kalavati jipya limefukiwa kwa kina zaidi. Mzee wa mwavuli aliniuliza tena, siku ya Jumamosi ya pili, kama kibao cha uzito kitawekwa penye njia panda. Ombi limeandikwa na kupokelewa komini. Mpaka ninapoandika makala haya, nguzo imesimikwa na kibao bado hakijafika; kwa sasa wakazi wameweka pipa lililopakwa rangi nyeupe na nyekundu, na mkuu wa mtaa anayo namba yangu ya simu.